Ukitaka Kusoma K'iche' Ukiwa Kisumu

Vijana hunijia wakiuliza waanzie wapi kujifunza lugha ya Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala na nchi jirani. Jibu langu: chagua lugha moja kwanza, kisha uitaje kwa jina lake. Hakuna lugha moja iitwayo Kimaya. Zipo kama 30 za ukoo huo, zimetapakaa kusini mwa Meksiko, Belize na Guatemala, na Guatemala peke yake inatambua 22 kisheria. Kwetu magharibi hili halihitaji maelezo marefu. Mtu akikwambia amejifunza Kiluhya utamuuliza kipi: Kibukusu, Kilogooli, Kimarachi, au Kinyore changu cha Emuhaya? Na tofauti za lugha za Kimaya ni kubwa kuliko hizi zetu. Mtu wa K'iche' kutoka milima ya Guatemala akikutana na Mmaya wa Yucatán, itabidi waongee Kihispania.

Ushauri wangu ni K'iche'. Kwa sensa ya Guatemala ya 2018, K'iche' na Q'eqchi' kila moja ina wasemaji zaidi ya milioni moja, kwa hiyo walimu hawakosekani. K'iche' pia ndiyo lugha ya Popol Wuj, kitabu cha asili ya Wak'iche', na kuna kozi nzima ya bure ambayo Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kimeweka mtandaoni. Kama moyo wako uko Meksiko, chukua Kimaya cha Yucatán. Ukichagua, shikilia hiyo hiyo. Usichanganye mbili katika mwaka wa kwanza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu. Darasa la K'iche' niliingia Marekani, nilikokwenda kufundisha Kiswahili chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, na tangu nirudi naendelea na mwalimu wa Totonicapán, Guatemala, kwa njia ya video. Haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaonijia na swali hilo, wengi wao wakiwa wanasoma isimu au Kiswahili Chuo Kikuu cha Maseno.

Wengine huanza kwa kuniuliza kama Wamaya bado wapo. Wapo, na ni mamilioni. Miji mikubwa ya nyanda za chini kama Tikal ilihamwa kuanzia karne ya 9, lakini watu hawakwisha. Wanalima, wanasomesha watoto, wanagombea viti vya bunge. Hata ile habari kwamba kalenda yao ilitabiri mwisho wa dunia haikutoka kwao: tarehe 21 Desemba 2012 kipindi kimoja kirefu cha hesabu yao kilikamilika, na kesho yake kingine kikaendelea. Nakuomba uliweke hili wazi akilini kabla ya kufungua daftari, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta watu wa kale huishia kwenye picha za mahekalu, na mahekalu hayatamsahihisha matamshi.

Kihispania kwanza

Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Kamusi nzuri na sarufi nyingi za K'iche' zimeandikwa kwa Kihispania, na mwalimu wako atakapotaka kukufafanulia jambo gumu atatumia Kihispania. Anza miezi sita au zaidi kabla. Irabu zake ni tano na zinasomeka kama zetu, kwa hiyo Mkenya anaweza kuzisoma vizuri mapema. Huhitaji ufasaha wa kuandika riwaya. Lenga kuweza kuuliza "hili nalisemaje?" na kuelewa jibu.

Ukitafuta vitabu, jua kwamba tahajia ilibadilika. Alfabeti ya pamoja ya lugha za Kimaya za Guatemala ilipitishwa na serikali mwaka 1987, baada ya wataalamu wa Kimaya wenyewe kuipigania. Kabla ya hapo kila mmishonari na kila mtafiti aliandika kwa mtindo wake. Kwa hiyo andika K'iche' na pia Quiché, Kaqchikel (lugha nyingine ya Kimaya) na pia Cakchiquel, Popol Wuj na pia Popol Vuh, la sivyo nusu ya maktaba itakupita. Sarufi zilizoandikwa na Wamaya wenyewe zipe nafasi ya kwanza. Kikundi cha wanaisimu kiitwacho Oxlajuuj Keej Maya' Ajtz'iib', kilichoanza 1990, kiliandika sarufi za lugha zao baada ya kufunzwa isimu na Nora England, mwanaisimu Mmarekani. Mifano yao imetoka vinywani mwa watu waliolelewa na lugha hizo.

Sikio na ulimi

Herufi x isome "sh", tz isome "ts", na j isome kama kh ya Kiarabu. Ch ni ile ile yetu. Ile b' yao huvuta hewa ndani kidogo, na ukimsikiliza Mswahili wa Mombasa akisema "baba" utaisikia. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya mwisho, si ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Ulimi wetu utakataa jambo hili kwa muda mrefu, kwa hiyo soma kwa sauti kila siku na ubishe mwisho wa neno kwa kidole mezani.

Kazi kubwa iko kwenye k, k', q na q'. Sauti ya q hutamkwa nyuma kabisa kooni, na aliyesoma madrasa anayo tayari kwenye qaaf. Zile zenye alama juu hutamkwa pumzi ikiwa imezibwa: ziba pumzi kama mtu anayejitayarisha kuinua gunia, kisha iachie k bila kupumua. Itatoka kwa mlio mkavu. Usione haya kufanya zoezi hili kwenye matatu ya Kondele. Watu wamezoea wanafunzi wanaojisemea.

Usiahirishe zoezi hilo. *Qachoch* ni nyumba yetu, *kachoch* ni nyumba yao. Ukipeleka sauti mbele badala ya kuivuta nyuma, nyumba imehamia kwa watu wengine, na mwalimu atakuuliza unamzungumzia nani.

Kitenzi, ambacho tayari unacho nusu

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzake wa darasani hawana. Niliwaona Wamarekani wakihangaika na wazo kwamba sentensi nzima inaweza kuwa neno moja, mtendaji na mtendwa wote wakiwa ndani ya kitenzi. Kwetu hilo si wazo, ni maongezi ya kila siku.

Tazama *ninakuona*: ni-na-ku-ona. K'iche' husema *katinwilo*, yaani k-at-inw-il-o. Hiyo k ni ya tendo linaloendelea, kazi ya "na" yetu. At ni wewe unayeonwa, inw ni mimi ninayeona, il ni kuona. Vipande ni vile vile, mpangilio ndio tofauti: wao huanza na wakati, halafu mtendwa, halafu mtendaji. Badilisha k iwe x na umepata *xatinwilo*, nilikuona. Geuza watu na umepata *xinawilo*, uliniona.

Ile o ya mwisho hubaki tu ikiwa kitenzi kimefunga kauli. Ukiongeza neno baada yake, inaanguka: *xatinwil iwir*, nilikuona jana. Kukanusha huzunguka kitenzi pande zote mbili: *na xatinwil taj*, sikukuona. Tengeneza kadi za kauli hizi nne tano, uzibandike jikoni, na usiende mbele mpaka zitoke bila kufikiri.

Sasa jambo gumu. Chukua *katb'inik*, unatembea. Hapa at ni wewe unayetembea, wewe mtendaji. Lakini kwenye *katinwilo* at hiyo hiyo ilikuwa wewe unayeonwa. K'iche' humweka mtu anayetembea, anayelala au anayefika kwenye kundi moja na mtu anayetendwa. Yule anayemtenda mwingine ndiye mwenye kiambishi chake peke yake. Wanaisimu wana jina la mfumo huu, utalikuta kwenye kila sarufi, ila usianze na jina. Anza na nyumba.

*Wachoch*, nyumba yangu. *Awachoch*, nyumba yako. *Rachoch*, nyumba yake. *Qachoch*, yetu. *Iwachoch*, yenu. *Kachoch*, yao. Zikariri mpaka ziwe wimbo. Kisha tazama kitenzi cha kuona: *kawilo*, wewe unamwona, *karilo*, yeye anamwona, *kaqilo*, sisi tunamwona, *kakilo*, wao wanamwona. Umeziona aw, r, q na k zikirudi? Mwenye nyumba na mwenye kutenda hutumia viambishi vya aina moja. Aliyezijua nyumba sita amekwisha kujua watendaji sita, na kilichobaki ni lile kundi la pili. Nilipolieleza hivi kwa mwanafunzi mmoja wa Maseno alifunga daftari akasema sasa anajua atakachoandikia tasnifu. Nilifurahi sana, kwa sababu ulinganisho wa kitenzi cha Kibantu na cha Kimaya una kazi nyingi zinazomngoja mtu wa hapa azifanye.

Ngeli hutazikuta. Utazitamani mwanzoni, halafu utasahau.

Heshima

Mtu aliyefunzwa shikamoo hatapata shida. K'iche' ina wewe wa rika na wewe wa heshima. Rafiki utamuuliza *La utz awach?* na mkubwa utamuuliza *La utz wach la?* Hiyo *la* ya mwisho ndiyo ya heshima, na wakiwa wengi unatumia *alaq*. Mama mtu mzima ni *nan*, baba ni *tat*, pamoja na jina lake. Vitabu vingine hufundisha heshima sura za mwisho mwisho. Mimi nasema ijifunze wiki ya kwanza. Mwalimu wako huenda ana umri wa mama yako, na hungemwambia mama yako "we vipi".

Kumpata mwalimu, na saa

Guatemala iko saa tisa nyuma yetu. Saa kumi na moja jioni Kisumu, kwao ni saa mbili asubuhi. Ni wakati mzuri, shule imefungwa na stima kwa kawaida bado ipo. Shule ya Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, pale Antigua Guatemala, imekuwa ikifundisha lugha za Kimaya kwa miongo mingi, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, na ni pa kuanzia kuulizia. Chuo cha lugha za Kimaya cha taifa, kifupi chake ALMG, kilichopata uhuru wa kisheria 1990, kina tawi kwa kila lugha. Mlipe mwalimu wako kwa wakati, na umlipe hata siku mtandao wako ndio uliokatika. Saa yake imekwisha tumika.

Bando litakula pesa kama hukujipanga. Pakua sauti za kozi ya Texas ukiwa maktaba ya taifa au chuoni, usizisikilize moja kwa moja. Texas pia wana hifadhi kubwa ya rekodi za lugha za Amerika ya Kusini na ya Kati, iitwayo AILLA. Kujisajili ni bure, na humo utasikia wazee wakisimulia kwa kasi yao ya kweli. Mwanzoni hutaelewa. Sikiliza hivyo hivyo, ukihesabu tu unaposikia x- na k- mwanzoni mwa vitenzi.

Chuo gani, na kwa pesa ya nani

Njia niliyopita mimi inaitwa Fulbright FLTA. Marekani huchukua vijana wenye shahada, wakiwemo Wakenya, wakafundishe lugha yao chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo huku nao wakisoma kozi chache. Tangazo hutolewa na ubalozi wao Nairobi. Huchagui chuo, na hupati shahada, lakini ukiangukia chuo chenye Kimaya mlango uko wazi: muombe mshauri wako uingie darasa. Texas Austin na Vanderbilt wamefundisha K'iche', Tulane ya New Orleans inajulikana kwa Kaqchikel, North Carolina kwa Kimaya cha Yucatán. Ukisoma habari za ufadhili uitwao FLAS, pita. Huo umekuwa wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani.

Kwa anayetaka shahada kamili, Bonn nchini Ujerumani wana idara ya anthropolojia ya Amerika yenye wataalamu wa lugha na maandishi ya Kimaya. Chuo hicho hakitozi karo kwa wageni, ila mchango wa kila muhula, lakini kwa viza utatakiwa kuonyesha pesa za kujikimu za mwaka kwenye akaunti maalumu, na utahitaji Kijerumani. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ofisi Nairobi, waulize mapema. Aliye tayari kusoma kwa Kihispania anaweza kwenda kwenye chanzo: vyuo vikuu vya San Carlos na Rafael Landívar huko Guatemala, au Universidad de Oriente ya Valladolid, Yucatán, yenye shahada ya isimu na utamaduni wa Maya.

Katika barua ya maombi usiandike kwamba unapenda tamaduni za kale. Andika unazungumza lugha ngapi za Kibantu, umesoma nini cha sarufi ya K'iche', na swali gani moja linakusumbua. Hilo swali ndilo litakalosomwa.

Utamaduni hauna kipindi chake

Usingoje kozi ya utamaduni. Uingize kwenye lugha tangu mwanzo, na mlango ulio karibu nasi kabisa ni mahindi. Mmea huu ulianza kulimwa kusini mwa Meksiko kama miaka 9,000 iliyopita, na Popol Wuj inasimulia kwamba watu waliumbwa kwa mahindi ya manjano na meupe. Jifunze *ab'ix*, mahindi yaliyo shambani. *Jal*, gunzi lililokauka na punje zake. *Ixim*, punje zilizopukuchuliwa. *Lej*, chapati ya mahindi. Kwa maneno hayo manne utakuwa na la kuongea na mtu yeyote wa kijijini.

Mwalimu wangu aliponiomba nimweleze ugali, swali lake la kwanza lilikuwa kama tunatia chokaa. Wao huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyaacha usiku kucha, huyaosha mpaka maganda yatoke, ndipo huyasaga. Chokaa ile hufungua vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata kwenye mahindi makavu, na ndiyo maana waliyala mahindi vizazi na vizazi bila ule ugonjwa wa ngozi, pelagra, uliowapata watu wa kwingine waliochukua mbegu na kuacha mapishi. Nilimwambia sisi husaga moja kwa moja posho mill. Alinyamaza, akauliza maganda tunayapeleka wapi. Kueleza pumba na chakula cha kuku kwa K'iche' kulinichukua kipindi kizima, na sijawahi kupata somo zuri kuliko lile.

Kalenda ya siku 260 nayo ifanye zoezi. Ina majina 20 ya siku yanayozunguka pamoja na namba 1 hadi 13. Leo ikiwa Wajxaqib' B'atz', yaani 8 B'atz', kesho ni B'elejeb' E, 9 E. Andika jina la siku juu ya kila ukurasa wa daftari lako. Utakuwa umejua namba na majina bila kukariri. Kwa wengi kalenda hii ni ibada hai: sherehe ya Wajxaqib' B'atz' huko Momostenango, mji wa Wak'iche', hukusanya watu wengi, na anayehesabu siku, *ajq'ij*, hushauriwa kama mtu wa dini. Usimpige picha bila ruhusa.

Kuna na historia nzito. Vita vya ndani vya Guatemala viliendelea kutoka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli ilipotoa ripoti 1999 ilikadiria zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waathiriwa waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Isome ripoti hiyo kabla ya kwenda, kisha usimuulize mtu kuhusu vita. Akitaka atakusimulia. Watu wa umri wa mwalimu wangu pia wanakumbuka kuadhibiwa shuleni kwa kusema K'iche'. Hapa naweza kuchangia, maana nami nilivaa diski shingoni kwa kusema Kinyore. Nilipomweleza, aliniuliza kama watoto wangu wanakisema. Uwe na jibu la kweli la swali hilo. Ulizoee kwa K'iche', kwa sababu utaulizwa.

Kwa somo la kwanza tayarisha mambo haya tu. Kaa pasipo na kelele za boda boda, weka daftari na kalamu, si simu ya pili. Kamera ikifunguka anza wewe: *Saqirik, nan*, kwa kuwa kwao ni asubuhi, kisha *La utz wach la?* Akijibu, sema *nub'i'* na jina lako, halafu mwambie kwa Kihispania unatoka Kisumu, mji ulio kando ya ziwa. Atakuuliza ziwa gani. Uwe na ramani karibu.